Leseni ya Tanzania, gari la kukodi Ujerumani na likizo ya Machi

Swali: Shikamoo kaka. Mimi ni Mtanzania wa miaka 24, nasoma uzamili Leipzig. Nilihamia hapa tarehe 25 Septemba. Likizo hii ya semesta tumepanga watu wanne tukodi gari tuzunguke Prague, Vienna, Ljubljana na Venice, kisha tupande Munich na kurudi Leipzig, kuanzia tarehe 20 hadi 28 Machi. Kazi zetu za kuandika tunakabidhi tarehe 15. Dereva ni mimi. Nina leseni ya Tanzania ya miaka minne na kibali cha kimataifa nilichokata Dar kabla ya kuondoka, kimeandikwa mwaka mmoja. Rafiki yetu Mkenya, dada mmoja, atanipokea usukani. Ana leseni ya kwao na yuko Ujerumani mwaka wa pili sasa. Wengine wawili, Mhindi na Mkolombia, hawaendeshi. Yule Mhindi kadi yake ya ukaazi imeisha, anasubiri mpya. Tujiandae na nini, na tufanyeje bajeti isituumize?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Umeuliza kuhusu bajeti, lakini kilichonishtua ni tarehe ulizoweka. Tuanze na hizo, maana zisipokaa sawa hakuna haja ya kuhesabu mafuta.

Sheria ya Ujerumani inamruhusu mtu aliyehamia hapa kuendesha kwa leseni ya nchi isiyo ya Umoja wa Ulaya kwa miezi sita tu, tangu siku alipofanya Ujerumani makazi yake. Wewe ulihamia tarehe 25 Septemba, kwa hiyo miezi yako sita inaishia tarehe 25 Machi. Ratiba yenu inaisha tarehe 28. Maana yake mtaondoka Leipzig ukiwa dereva halali, na mtakapovuka mpaka kurudi Munich utakuwa mtu anayeendesha bila leseni. Usitegemee tarehe ya Anmeldung kama ulichelewa kujiandikisha manispaa, kwa sababu tiketi ya ndege na mkataba wa chumba vinaweza kuonyesha ulihamia lini hasa.

Na kile kibali cha kimataifa? Hicho ni tafsiri ya leseni yako, basi. Huo mwaka mmoja ni uhai wa kijitabu chenyewe, hauongezi hata siku moja kwenye ile miezi sita. Wanafunzi wengi kutoka kwetu hudanganyika hapo, na siwalaumu, maana kijitabu kina mihuri na kinaonekana kizito kuliko leseni yenyewe. Kibebe, utakihitaji, hasa Italia ambako leseni ya nje ya Umoja wa Ulaya lazima iambatane na kibali cha namna hiyo au tafsiri rasmi ya Kiitaliano. Lakini hakikuokoi na kalenda.

Ipo njia ya kuomba ile miezi sita iwe kumi na miwili, kwenye ofisi ya leseni ya mji wako. Sharti lake ni uthibitishe kwamba hutakaa Ujerumani zaidi ya mwaka mmoja. Mwanafunzi wa kubadilishana aliyekuja kwa semesta mbili anaipata. Wewe umeandikishwa uzamili wa miaka miwili, usijisumbue.

Sasa dada yetu Mkenya. Huyo yuko mwaka wa pili, kwa hiyo leseni yake ilikufa hapa zamani, hata kama Nairobi inamruhusu kuendesha hadi kesho. Asiguse usukani ndani ya Ujerumani, hata kulisogeza gari kwenye maegesho ya sheli. Kifungu cha 21 cha sheria ya usafiri barabarani ya Ujerumani kinalihesabu jambo hili kuwa jinai, siyo faini ya trafiki: kifungo hadi mwaka mmoja au faini ya mahakama. Na kinamgusa pia mwenye gari, na kinaweza kumgusa aliyelikodi, akimwachia mwingine huku akijua hana leseni halali. Yaani yeye akiendesha, na wewe unaweza kuwa umo. Hukumu ya jinai ni karatasi ambayo hutaki ionekane siku unaomba kuongezewa ukaazi. Tena kukitokea ajali, bima ya lazima itamlipa mliyemgonga kisha itawageukia nyinyi kudai irudishiwe, hadi euro 5,000, na gari lenyewe mtalilipa mfukoni kwa sababu bima kubwa itakataa.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuisogeza safari. Kazi mnakabidhi tarehe 15, basi ondokeni tarehe 16 na gari lirudi tarehe 23. Unabaki na siku mbili za akiba. Ukiniambia wenzako hawawezi tarehe hizo, nitakujibu muende kwa treni.

Hatua ya pili ni kuipunguza, kwa sababu dereva sasa ni mmoja. Mzunguko mliouchora una kilomita 2,200 hivi. Kijana wa miaka 24 anayezoea kuendesha upande wa kulia, peke yake, milimani, mwezi wa tatu, huku abiria watatu wamelala: huo si mpango. Halafu nusu ya mzunguko huo hauhitaji gari. Prague na Vienna ni miji ya treni na tramu. Gari pale ni mzigo wa kutafutia maegesho na kulipia kila saa. Prague mtaiona wikiendi yoyote kutoka Leipzig kwa kupitia Dresden. Gari lina faida kule ambako treni haifiki au inafika mara mbili kwa siku, na katika ramani yenu huko ni Slovenia.

Ningekuwa mimi, ningepanda treni hadi Munich. Ile ya kasi inachukua zaidi kidogo ya saa tatu, na mkikata tiketi mapema bei haitishi; mkiwa na tiketi ya mwezi ya Ujerumani nzima mnaweza kwenda kwa treni za mikoa, siku nzima lakini bila kulipa zaidi. Mkodi gari Munich tarehe 17 asubuhi. Kutoka hapo hadi Bled, Slovenia, ni kama kilomita 360 kwa kupitia Salzburg na Villach. Laleni Bled siku mbili, siku moja mwende ziwa la Bohinj, ambalo mimi naliona zuri kuliko Bled yenyewe na watu ni wachache. Halafu Ljubljana, ambao ni mji wa kutembea kwa miguu. Kisha kusini kwenye nchi ya mapango. Watu wote hukimbilia Postojna kwa sababu ya kale katreni kanakoingia ndani, lakini mkiwa na pesa ya pango moja tu, nendeni Škocjan. Mto unapita chini ya ardhi ndani ya bonde lenye daraja juu yake, na lilishaingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1986. Kutoka hapo Trieste ni jirani kabisa, na Venice ni mwendo wa chini ya saa mbili. Mzunguko mzima hadi kurudi Munich hauzidi sana kilomita 1,300.

Usijaribu kuingia bonde la mto Soča kwa kupitia Vršič, ile njia ya milima inayoanzia Kranjska Gora. Ina mita 1,611 na Machi huwa imefungwa kwa theluji, ila ramani ya simu wakati mwingine inakuonyesha kama ipo wazi hadi unapolikuta geti. Mkitaka sana Soča, zungukeni kwa njia ya Predil, upande wa Italia, siku ambayo hali ya hewa ni shwari. Kama si shwari, muache.

Kukodi sasa. Kuna mambo mawili yanayowaumiza wanafunzi kwenye kaunta. La kwanza ni kadi. Kampuni nyingi zinataka kadi ya mkopo halisi yenye jina la dereva mkuu; ile kadi ya kawaida ya benki ya Ujerumani mara nyingi hukataliwa, au hukubaliwa kwa gari dogo tu na kwa masharti. Na kwenye kadi hiyo watazuia amana. Mwanafunzi anayeishi kwa euro 992 kwa mwezi kutoka kwenye akaunti maalumu ya ukaazi anaweza kufika kaunta akagundua kikomo cha kadi hakitoshi, na hapo gari huondoki nalo hata kama ulilipia mtandaoni. Uliza amana ni kiasi gani kabla ya kuweka oda. La pili ni umri: chini ya miaka 25 unatozwa nyongeza ya dereva kijana kwa kila siku. Bei unayoiona kwenye tovuti za kulinganisha huwa imekadiria dereva wa miaka 30, kwa hiyo andika umri wako wa kweli kabla hujawapelekea wenzako bei kwenye kundi la WhatsApp.

Waambie kampuni nchi zote mtakazoingia, wakuandikie kwenye mkataba. Italia hasa, kwa sababu aina fulani za magari hawaziruhusu kuvuka huko. Bima chukua ile kubwa, na sikiliza neno Selbstbeteiligung, kiasi unachokatwa wewe kwanza kabla bima haijalipa. Kinaweza kuwa euro elfu moja na zaidi. Kulipa kidogo zaidi kwa siku ili kishuke hadi sifuri ni pesa ambayo mimi huitoa bila kunung'unika nikiwa na abiria. Uliza pia kama tairi, kioo cha mbele na chini ya gari vimo, maana mara nyingi havimo, na barabara za milimani zina changarawe za kuzuia utelezi ambazo hupiga kioo. Kabla ya kuondoka piga video gari zima, na juu ya paa pia.

Matairi: dai ya baridi yenye alama ya mlima wenye ncha tatu na chembe ya theluji. Zile herufi M+S peke yake hazitoshi tena Ujerumani tangu Oktoba 2024. Austria inayataka hadi tarehe 15 Aprili barabara ikiwa na theluji au barafu, Italia kwenye barabara nyingi vilevile hadi 15 Aprili, au uwe na minyororo ndani ya gari. Ukikodi Munich kwa kawaida utayakuta tayari, ila hakikisha, na uone kama wamekutoza kando.

Tozo za barabara zinahitaji umakini zaidi kuliko pesa. Ujerumani hulipi kwa gari dogo. Austria unahitaji stika ya kidijitali ya siku 10, Slovenia ya siku 7 ambayo mwaka 2025 ilikuwa euro 16, na zote mbili zinaandikishwa kwa namba ya gari, kwa hiyo utazinunua ukishashika ufunguo na kabla hujavuka mpaka. Nunua kwenye tovuti zenyewe za ASFINAG (Austria) na DARS (Slovenia), au sheli iliyo karibu na mpaka. Mtandaoni kuna wauzaji wa katikati wanaojiweka juu kwenye matokeo ya kutafuta na kuongeza ada yao. Stika haifuniki kila kitu. Njia ya Tauern huko Austria na handaki la Karavanke kuingia Slovenia vinalipiwa peke yake. Italia unachukua tiketi ukiingia barabara kuu na kulipa unapotoka. Usiingie leni ya Telepass, hiyo ni ya wenye kifaa. Kurudi, watu wengi hupita Brenner, njia ya milimani kati ya Italia na Austria. Kule daraja la Lueg limebanwa leni tangu Januari 2025 kwa ukarabati, na stika haifuniki Brenner pia. Rudini kwa Udine, Tarvisio na Villach, njia ileile mliyojia ya Salzburg, na mlale Villach ili usiendeshe kilomita karibu 600 siku moja.

Venice gari halina kazi. Liacheni Mestre, upande wa nchi kavu, vukeni daraja kwa treni, dakika kumi hivi. Na popote Italia mkiona kibao cha duara jekundu chenye maneno Zona a Traffico Limitato, geuka. Kamera inapiga namba, faini inakufuata Leipzig baada ya miezi, na kampuni ya gari inaongeza ada yake ya kutoa jina lako.

Mafuta: kadiria lita 7 kwa kilomita 100, yaani lita kama 90 kwa safari nzima. Mkigawana wanne si kitu. Msijaze kwenye vituo vya ndani ya barabara kuu. Tokeni kilomita moja mbili mjini, bei inashuka waziwazi, na Slovenia nje ya barabara kuu mara nyingi ni nafuu kuliko Ujerumani.

Kuhusu kuendesha kulia. Barabara kuu haitakusumbua, kwa sababu magari mengine yanakuongoza. Hatari iko asubuhi barabara ikiwa tupu, na pale unapotoka sheli au kwenye maegesho ukigeuka kushoto: mwili unarudi nyumbani. Mpe aliyekaa mbele kazi moja, aseme "kulia" kila mnapoanza safari, na asichoke. Kwenye kipilefti unazunguka kinyume cha saa, na unawaangalia wanaotoka kushoto kwako. Siku ya kwanza utawasha waipa badala ya indiketa, haidhuru.

Kuna kanuni moja ambayo Tanzania hatuna mazoea nayo: kwenye makutano yasiyo na kibao wala taa, anayetoka kulia kwako anapita kwanza, hata akiwa kwenye baiskeli, hata kama njia yake ni nyembamba kuliko yako. Mitaa ya makazi Ujerumani imejaa makutano hayo. Nyingine ni ya foleni kwenye Autobahn. Magari yakianza kupunguza mwendo, leni ya kushoto kabisa inajibana kushoto, zote nyingine zinajibana kulia, ili katikati ibaki njia ya ambulansi. Inafanywa kabla king'ora hakijasikika. Asiyefanya anatozwa euro 200 na anafungiwa kuendesha mwezi mzima. Kupita gari kwa upande wa kulia usifanye, na leni ya kushoto usiifanye kibaraza. Yule uliyemuona mbali kwenye kioo yuko kilomita 200 kwa saa na amefika. Austria, Slovenia na Italia kikomo cha barabara kuu ni 130, Italia mvua ikinyesha 110. Pombe iache kabisa. Sheria zinatofautiana nchi kwa nchi na kwa umri wa leseni, na dereva ni wewe peke yako.

Hati. Kila mmoja abebe pasipoti pamoja na kadi ya ukaazi. Kadi peke yake haitoshi. Mkiwa na vyote viwili mnaruhusiwa kuzunguka nchi nyingine za Schengen siku 90 ndani ya siku 180. Msidhani mipaka imelala: tangu Septemba 2024 Ujerumani imerudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu, na mkirudi kutoka Salzburg mtakutana na foleni yake.

Rafiki yenu Mhindi ndiye anayenipa wasiwasi. Kama ofisi ya wageni imempa ile karatasi ya muda, Fiktionsbescheinigung, aifungue ndani aangalie kisanduku kipi kimewekewa alama. Kilichotaja kifungu cha 81 aya ya 4 cha sheria ya ukaazi kinamaanisha ukaazi wake wa zamani unaendelea, na akibeba karatasi hiyo, kadi iliyoisha na pasipoti, ana msingi wa kusafiri na kurudi. Kikiwa cha aya ya 3, asitoke Ujerumani. Na kama hana karatasi yoyote, ana barua pepe tu inayosema ombi limepokelewa, basi naye asitoke. Awaandikie Ausländerbehörde, hiyo ofisi ya wageni, leo, ajibiwe kwa maandishi, kabla hamjalipia kitu kisichorudishwa.

Pesa kati yenu: kubalianeni mapema, kwa ujumbe ambao wote wameujibu, kwamba makato ya bima na faini za maegesho mnagawana wanne, ila faini ya mwendo ni ya dereva. Mkataba una jina lako, amana iko kwenye kadi yako, na barua zote zitakuja kwako wakati wenzako wamesharudi kwenye vipindi.

Mwambie dada wa Kenya asikate tamaa. Leseni yake haibadilishwi moja kwa moja kwa sababu Kenya haimo kwenye orodha ya nchi zinazopunguziwa masharti, kama ilivyo Tanzania. Kutoka Afrika zimo Namibia na Afrika Kusini. Lakini halazimishwi kurudia masomo yote ya shule ya udereva. Anahitaji kupima macho, kozi ya huduma ya kwanza ya siku moja, mtihani wa nadharia ambao anaweza kuufanya kwa Kiingereza, na mtihani wa barabarani kwa gari la shule ya udereva. Achukue masomo machache kwa hiari, maana watahini hapa wanamwangusha mtu kwa kutogeuza shingo kabla ya kubadili leni. Leseni ya Kenya ataikabidhi akipewa ya Ujerumani. Na wewe anza hatua hizohizo Aprili ukitaka kuendesha likizo ya Agosti, kwa sababu miadi kwenye ofisi ya leseni huchukua wiki nyingi.